Mke Wangu na Ngazi za Mama Yake

Mimi ni fundi wa makochi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu akishakaa hataki tena kuinuka. Kazi ya mke wangu ni kuwainua. Watu wakilijua hilo hucheka kwanza, halafu huuliza tunaishije nyumba moja, nami huwajibu kwamba tunaishi vizuri tu, kila mmoja anamletea mwenzake wateja.

Yeye ni mwalimu wa mazoezi, yule wa kumfundisha mtu mmoja mmoja, si wa kupigia filimbi ukumbi mzima. Pale jimu wanamwita Bado Moja. Jina hilo alijipatia kwa ulimi wake mwenyewe. Mteja akishalowa jasho hadi kwenye nyusi, akidhani amemaliza, mke wangu humwambia kwa sauti ya upole, kama anayemkaribisha chai, "Bado moja." Hiyo moja ikifanyika, husema tena. Nimewaona watu wazima wenye vyeo vyao wakimlaani kimoyomoyo mbele ya kioo, na kesho yake wamerudi.

Wengi wanadhani ualimu huo ni misuli. Wakimwona mke wangu mara ya kwanza, huchungulia nyuma yake kutazama kama mwalimu mwenyewe anakuja. Ni mfupi, anavaa miwani, na mkono wake hata ukikunjwa haumtishi mtu. Mwenzake wa pale jimu, kijana tunayemwita Kabati kwa sababu ya kifua chake, ndiye anayefaa kupigwa picha ikabandikwa mlangoni. Lakini wateja wa Kabati huja kwa kishindo halafu wanapotea, maana Kabati huwafundisha wote mazoezi yanayompendeza Kabati. Mke wangu mteja mpya hamgusishi chuma. Humwambia apande ngazi, ashuke, akae kwenye kiti, ainuke, aokote mfuko wake sakafuni. Yeye anatazama tu. Anataka kujua viatu vyake vimelika upande gani, analala saa ngapi, na nyumbani kwake nani hubeba mtoto na nani hubeba ndoo. Alikuja daktari wa meno akitaka kifua kama cha Kabati, na kwa muda mrefu akafundishwa kusimama tu, kwa sababu kuinamia vinywa vya watu kulikuwa kumempinda mgongo. Alinuna sana yule bwana. Siku mgongo ulipoacha kumuuma alileta keki, na habari za kifua hajazitaja tena hadi leo.

Ubaya wake ni kwamba kazi hiyo haivui pamoja na viatu. Tukitembea barabarani ananinong'oneza: yule nyonga imekaza, huyu goti la kushoto litamsumbua uzeeni. Siku moja bwana mmoja alitaka kujua mke wangu anamtazama nini kiunoni, na mkewe yuko pembeni amekunja uso, ikabidi mimi ndiye nijieleze. Nilieleza mpaka nikachoka. Mke wangu wakati huo alikuwa anatazama jinsi yule mama anavyosimama.

Kwangu mimi ameshindwa, na nalisema kwa fahari. Tumbo langu liko palepale alipolikuta, na limeongeza kidogo. Anasema mume si mteja, kwa sababu mteja huja kwa miguu yake.

Basi, huyu mwalimu ana mama, na habari yenyewe ni ya mama.

Mama mkwe wangu alikuwa trafiki. Miaka na miaka alisimama kwenye makutano ya barabara, akainua mkono mmoja, na malori yakasimama. Amestaafu zamani, amekula chumvi nyingi, lakini ule mkono haujastaafu. Akikuonyesha kiganja, hata kama ulikuwa katikati ya maneno, breki zinajifunga zenyewe. Anaishi ghorofa ya tatu, katika nyumba ya kupanga alimolelea watoto wake na alimofiwa na mumewe, na kibaraza chake kinatazama makutano yaleyale. Kila jioni hukaa hapo akiwakosoa madereva kwa majina ya magari yao na kumsikitikia kijana aliyerithi nafasi yake, ambaye kwa maoni ya mama anasimama kama mtu aliyebanwa na haja.

Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi akitoka sokoni, nyonga ikavunjika. Mke wangu ndiye aliyemkuta. Ukaja upasuaji, ikaja miezi ya magongo na mazoezi ya hospitali, na mwishowe daktari akasema mfupa umeunga vizuri, yeye kazi yake imekwisha. Kilichobaki ni nguvu za miguu na moyo wa kuzitumia. Mama akapandishwa juu amebebwa kwenye kiti, na tangu siku hiyo hakushuka tena.

Shemeji yangu mkubwa, kaka yake mke wangu, akaamua. Ni mtu mwema. Anauza matairi katika mji mwingine, ana nyumba ya chini yenye vyumba vya kutosha na mke mvumilivu. Alipiga simu akasema mama hawezi kukaa amefungiwa hewani, kwa hiyo mwisho wa mwezi ujao atakuja na gari amchukue moja kwa moja, na ile nyumba irudishwe kwa mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumbishia, maana alichosema kilikuwa na akili. Mama aliambiwa. Hakulia wala hakugomba. Alisogeza kiti chake karibu zaidi na ukingo wa kibaraza, akaendelea kutazama magari. Jioni hiyo hakumkosoa dereva hata mmoja, na mke wangu alirudi nyumbani akiwa na hofu kuliko siku mama alipovunjika.

Akasema atamfundisha yeye. Kabla kaka yake hajaja, mama atashuka na kupanda ngazi zote kwa miguu yake mwenyewe, na nyumba itabaki yake.

Wa kwanza kufukuzwa nilikuwa mimi, au tuseme mtoto wa mikono yangu. Mama alipotoka hospitali nilimpelekea zawadi ya kochi, na bila kujisifu, lile lilikuwa kochi. Sponji laini, mgongo wa kulalia, liko chini karibu na sakafu ili miguu ipumzike. Ukikaa linakumeza. Mke wangu alisimama akamtazama mama yake akijaribu kutoka humo: akajisukuma, akarudi chini, akajisukuma tena, akarudi, mpaka jirani aliyekuja kumsalimia akamwinua kwa makwapa. Mke wangu akanigeukia akasema hilo kochi ndilo linalomfunga mama, ngazi ni baadaye. Nilijitetea kwamba kochi lile lingefaa sebule ya waziri. Akajibu kwamba waziri naye siku akivunjika nyonga atagombana nalo. Likasukumwa ukutani, likawekewa vyungu vya maua juu yake ili mtu asije akajisahau akalikalia, na mimi nikaagizwa kuchonga kiti cha mbao, kirefu, kigumu, chenye mikono imara. Nilikitengeneza kwa uchungu. Ndicho kitu kibaya kuliko vyote vilivyowahi kutoka mikononi mwangu, na mama alikipenda siku ileile.

Ndani ya nyumba mambo yalikwenda. Kila asubuhi kabla ya kwenda jimu mke wangu alipitia kwa mama. Kuinuka na kukaa kwenye kile kiti bila kutumia mikono. Kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza. Kunyanyua visigino wakati wa kuosha vyombo, zoezi lililomchekesha mama kwa sababu alisema vyombo vimekuwa safi kuliko wakati wowote. Mapaja yakaanza kukaza. Rangi ikarudi usoni. Mke wangu akawa anatembea kwa madaha, akisema siku si nyingi watafungua mlango.

Wakafungua mlango, na hapo ndipo kazi ilipokwama.

Mama aliweka mkono kwenye kishikio cha ngazi, akashusha mguu kwenye kidato cha kwanza, na kabla kisigino hakijatua mke wangu alikuwa ameshamdaka kiuno. Mama akasimama, akarudi juu. Wakajaribu tena. Mara hii alidaka kiwiko. Kesho yake alidaka kwapa. Mama akigeuza shingo tu, keshashikwa, akikohoa, keshashikwa. Mimi niliwahi kuwa pale asubuhi moja, nikaona mama akitetemeka mwili mzima kwenye kidato ambacho mtoto angekiruka, na kadiri alivyotetemeka ndivyo mke wangu alivyombana. Mwisho mama alimwonyesha kiganja. Mke wangu akasimama.

"Mwanangu," mama akasema, "kila ukinishika, nahisi ninaanguka."

"Nisipokushika utaanguka kweli, mama."

Mama akarudi ndani, akakaa kwenye kiti kigumu, akasema kwa sauti ya chini kwamba tumwambie mwanawe aje hata kesho, hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Mke wangu alikwenda kazini bila kuaga. Jioni hakula, na huyo ni mtu ambaye hakosi mlo hata akiwa na homa.

Siku chache baadaye niliitwa jimu, maana viti vya kulalia watu wanaonyanyua vyuma vilikuwa vimechanika ngozi. Nilikaa pembeni na sindano yangu nikishona. Karibu yangu alikuwa amelala karani mmoja wa benki, mwanamke mwembamba ambaye ukimwona dirishani unafikiri upepo wa feni utamchukua. Mke wangu alisimama upande wa kichwa chake. Karani alishusha chuma hadi kifuani, akaanza kukipandisha, kikafika katikati kikakwama. Mikono yake ikaanza kutikisika. Uso ukaiva. Mimi mwenyewe niliinuka, sindano iko mdomoni, nikitaka kukimbia kusaidia. Mke wangu hakutikisika. Viganja vyake vilikuwa wazi chini ya kile chuma, karibu kabisa, vinapanda nacho na kutulia nacho, na havikigusi. Sijui ilichukua muda gani. Chuma kikapanda. Karani akakirudisha mahali pake, akaketi, akaanza kucheka peke yake huku machozi yanamtoka.

Nilimuuliza mke wangu baadaye kwa nini hakumsaidia yule mtu aliyekuwa anakaribia kufa. Alijibu bila kuinua macho, akifuta kiti.

"Ningegusa, angejua mimi ndiye niliyekinyanyua. Kesho angekitazama kile chuma kwa woga. Ukigusa mapema unamwibia mtu nguvu zake."

Nikarudi kwenye sindano yangu, lakini sikushona kitu cha maana tena siku hiyo.

Kuna mambo ambayo mume mwenye akili timamu hamwambii mke wake kuhusu kazi yake, na kuna mengine hamwambii kuhusu mama yake. Mimi nilikuwa na neno moja lililogusa kote kuwili. Nililibeba mpaka nyumbani, nikala nalo, nikasaidia kutoa vyombo mezani, jambo ambalo peke yake lilimfanya aniangalie kwa mashaka. Nikapiga moyo konde nikamwambia. Nikasema yule karani hukumgusa, na chuma kilikuwa juu ya koo lake. Mama unamdaka kabla hajateleza.

Alichukua sufuria iliyokuwa imeshaoshwa, akaiosha tena. Nikajua nimelikoroga. Nikaanza kutafuta njia ya kuyarudisha maneno yangu, nikisema mimi ni mtu wa makochi tu, najua nini.

"Karani sikumkuta amelala kwenye ngazi," akasema.

Hapo ndipo aliponieleza yale ambayo hakuwa amenieleza mwaka mzima. Alikuwa anapanda kumtembelea mama, akaona kwanza vitunguu, vimetawanyika kwenye vidato, kisha kiatu kimoja, kisha mama. Akapiga mayowe akaanza kukimbia. Na mama, amelala vile, mfupa umevunjika, aliinua mkono akamwonyesha kiganja, ili asikimbie akateleza naye. Mke wangu alisema tangu siku ile, mama akikanyaga kidato chochote, yeye haoni mteja, haoni miguu iliyoimarika, anaona vitunguu. Akasema anaiambia mikono yake isiende, na inakwenda. Kisha akalia, mikono imejaa povu la sabuni, nami nikamkumbatia hivyohivyo. Nilimwonea huruma sana. Mwaka mzima nimelala karibu na mtu mwenye mzigo kama huo, nami nikidhani ni uchovu wa kazi.

Alipomaliza kulia alijifuta uso, akavaa miwani, na nikaona mwalimu amerudi. Aliitazama mikono yake kama anavyotazama magoti ya watu.

"Hii lazima niipe kazi nyingine," akasema.

Asubuhi yake alitoka jikoni kwa mama akiwa ameshika sinia kwa mikono yote miwili, na juu ya sinia kulikuwa na glasi za chai ya moto, zimejaa hadi ukingoni. Mama akauliza kama kuna wageni. Mke wangu akamwambia hapana, chai hii tutainywa pale ngazi zinapokata kona, kabla ya ghorofa ya pili. Na kwa kuwa hakuna mwalimu mwenye akili anayemwacha mtu kwenye ngazi bila mlinzi, mimi nikawekwa mbele ya mama, kidato kimoja chini, nishuke kinyumenyume nikimtazama.

Nilikuwa nimemuuliza kwa nini mimi, na si Kabati mwenye nguvu zake. Akanijibu kwamba Kabati angemshika tu. Mimi namheshimu mama mkwe mpaka namwogopa. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kumgusa zaidi ya ncha za vidole wakati wa kumwamkia, na siwezi kumshika kwa sababu ndogo hata nikitumwa. Ila akianguka kweli nitamdaka, tena nina tumbo. Hiyo ndiyo siku ya kwanza tumbo langu kutajwa kwa wema katika nyumba ile.

Mama alitutazama, mmoja na sinia, mwingine amepanua mikono kama mlinda lango, akatikisa kichwa.

"Mkwe, nikikuangukia leo, nani atamwomba mwenzake radhi?"

Nikamwambia nitaomba mimi, nitaomba kabisa hata kabla hajaanguka. Akacheka. Na katika kucheka akashusha mguu.

Alipoyumba kidogo kwenye kidato cha tatu, nilisikia nyuma yake glasi zikigongana na mke wangu akivuta pumzi kwa meno. Mikono ilitaka kwenda. Chai ikamwagikia vidole. Hakuachia sinia. Mama akajishikilia, akatulia, akashusha mguu mwingine. Tulipofika kwenye kona tulikunywa kilichosalia, chini ya nusu glasi kila mmoja, tukiwa tumesimama kama watu wa harusini, halafu tukapanda kurudi. Mama alikuwa anahema, lakini hakutetemeka. Alisema chai imekuwa kidogo, kesho mhudumu awe makini.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila asubuhi. Majirani wakaanza kutoka milangoni kutazama msafara, na mmoja akajitolea sukari. Kona ya kwanza ikawa rahisi, tukasogea ghorofa ya pili, tukakwama hapo, tukarudi nyuma kidogo, tukasogea tena. Mke wangu alikuwa mkali kuhusu mapumziko kuliko kuhusu kazi. Siku mama alipotaka kuendelea kwa sababu tu jirani anatazama, alimkatalia, akasema miguu ya leo imekwisha, hiyo ya majirani haitusaidii. Kidogo kidogo glasi zikaanza kufika zimejaa. Nikamwona mke wangu usoni, nikajua havioni tena vile vitunguu, au anaviona na bado anatembea.

Wiki ya mwisho aliacha sinia jikoni. Akaja na mikono mitupu, viganja wazi, karibu na kiuno cha mama, vinashuka naye na kutulia naye. Nilivijua viganja vile. Lakini mpaka hapo mama alikuwa hajafika chini. Tulikuwa tunaishia ghorofa ya kwanza. Ngazi za mwisho zilikuwa palepale alipoangukia, na kila tulipozikaribia alisema leo inatosha, na mwalimu hakumsukuma.

Shemeji akaja siku moja kabla ya ile aliyoahidi. Tulisikia honi barabarani, mama akachungulia kibarazani, akamwona mwanawe anashuka kwenye gari pamoja na dereva wake. Mke wangu alikaa kwenye kiti kigumu, akasema basi, hatukuwahi. Mama ndiye aliyeomba viatu.

"Fungueni mlango," akasema. "Sitamngoja mwanangu huku juu kama mzigo."

Nikatangulia kinyumenyume, mke wangu nyuma yake. Ghorofa ya pili tukapita. Ya kwanza tukapita, mama hakusimama. Tukaingia ngazi za mwisho, na tulipofika katikati shemeji akatokea chini, mtu mkubwa, ameinua uso, hajui acheke au apige kelele. Mama alimtazama. Ni hapo tu, macho yakiwa kwa mwanawe, kisigino kilipokosa ukingo wa kidato.

Mwili uliinama upande. Mimi nilipanua mikono na tumbo. Nyuma ya mama niliona mikono ya mke wangu ikiruka, yote miwili, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona jimu, na ikasimama. Ilisimama unene wa kitabu kutoka kwenye kiuno cha mama yake, vidole vimekakamaa, na uso wake umepauka.

"Mshike!" shemeji akapiga kelele.

"Mwache," mke wangu akasema. "Anajishika."

Kiganja cha mama kilikuwa kimekaza kwenye kishikio. Goti la mguu uliovunjika likakunjwa, likabeba, likasukuma, likanyooka. Mama akasimama wima. Akavuta pumzi, akarekebisha kitambaa cha kichwani kana kwamba hicho ndicho kilichomsimamisha, akashuka vidato vilivyobaki kimoja kimoja hadi chini, akampokea mwanawe.

Shemeji aliinama akamwamkia mama yake huku macho yamelowa. Mama akamwambia ameshaiona njia ya kushukia, sasa amfuate amwonyeshe ya kupandia. Tukapanda wote. Mama alipumzika kila kona na hakuna aliyemharakisha, kwa sababu shemeji naye alizihitaji zile kona. Aliingia ndani wa mwisho, akajitupa kwenye kiti changu cha mbao, akapangusa jasho kwa shati. Mke wangu alikuwa anamtazama kiunoni. Nikamkanyaga mguu kwa siri asiseme neno.

Shemeji alingoja mpaka pumzi ikarudi. Kisha akasema nyumba haitarudishwa kwa mtu, na kwamba inaelekea amekuja na gari bure. Mama akamwambia si bure, kuna kochi. Hivyo ndivyo kazi yangu bora ilivyobebwa na shemeji na dereva wake, ngazi baada ya ngazi, ikapakiwa kwenye gari lililokuja kumchukua mama. Nilijidai nafurahi. Shemeji hupiga simu mara kwa mara kusema kwamba akikaa humo hainuki.

Tuliendelea na mazoezi ya asubuhi, mimi mbele, mke wangu nyuma. Halafu juzijuzi tulipanda kama kawaida tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli.

Mke wangu aligonga, ingawa kufuli ilikuwa nje na yeye anaiona. Akaita mama, akaita tena, akanigeukia na macho yaleyale ya mwaka jana. Nikamshika bega nikamwonyesha dirisha la kwenye ngazi. Kule chini, ng'ambo ya barabara, mama alikuwa kwenye makutano, mkoba wa sokoni begani, anamrekebisha yule kijana wa trafiki jinsi ya kuweka miguu. Kijana alikuwa anamsikiliza. Magari yalikuwa yamesimama pande zote.

"Ameshuka peke yake," mke wangu akasema. "Hakuniambia."

Nikamwambia, mwalimu, umeachwa na mteja. Akacheka, akakaa kwenye kidato cha juu, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nikakaa kando yake. Honi zikapungua, magari yakaanza kwenda. Baada ya kitambo tukasikia viatu huko chini kabisa vikianza kupanda: kimoja, kingine, kimya, kisha tena. Mke wangu akainuka ili ashuke kumpokea. Akasimama pale ameshika kishikio. Akakaa tena. Nikauchukua mkono wake nikaushika, kwa sababu ulitaka kwenda, tukamsikiliza mama anavyopanda.